Kiatu cha Shemeji

Yerusalemu, Alhamisi

Shemeji Getzel,

Mama mkwe hajambo, na mafua yamepungua. Tangu ndugu yako afariki bila kuniachia mtoto, nakungoja uje mbele ya marabi nikuvue kiatu kama Torati inavyoagiza, ndipo niwe huru kwako na niruhusiwe kuolewa na mwingine. Kila barua unajibu kwamba Melbourne kuna kazi nyingi.

Rabi Zundel aliniambia, "Vumilia, binti yangu. Asipokuja yeye, sisi hatuna la kufanya."

Nikamwuliza, "Rabi, ingekuwa binti yako wa kumzaa?"

Akaagiza niletewe chai.

Feivel, mchumba wangu, amechoka kungoja. Jumanne alimwoa mwingine, na Rabi Zundel ndiye aliyewafungisha ndoa. Njoo upendapo, shemeji. Sina haraka tena.

Mjane wa ndugu yako,
Hinde