Maji Uliyompa Inspekta

Baba Atieno wangu,

Sijui barua ya mtu aliyezikwa Londiani hupelekwa na posta gani, lakini nikinyamaza leo nitapasuka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha. Mimi Mkisii, wewe mtu wa ziwani, tungeongea lugha gani huku kwenye mashamba ya chai? Ulinitongoza kwa Kiswahili kibovu mpaka nikakuonea huruma, nikakubali.

Leo Inspekta mpya wa serikali amekuja kambini. Nitakueleza, lakini acha kwanza nikukumbushe yule wa zamani, maana nimeshinda naye kichwani kutwa nzima.

Unakumbuka ulivyojifunza kusema? Watoto wa kambi walikuwa wanahara damu kwa maji ya kile kijito kinachopita karibu na vyoo, na watu wote wakakuchagua wewe umweleze Inspekta. Karani wa ofisini, yule mpole, akajitolea kukufundisha. "Usianze na salamu za ukoo wako wote," alikuambia. "Mtu wa serikali ana kambi nyingi za kuzunguka. Sema unachotaka kwanza, halafu sababu, halafu nyamaza." Kunyamaza! Wewe! Nilicheka mpaka nikamwaga maharagwe niliyokuwa nachambua.

Kila jioni ukawa unajaribu mbele yangu. Mimi ndiye serikali: nakaa kwenye kigoda, nakunja nne, natazama juu kama sisikii. Wewe unasimama wima, kofia kifuani: "Bwana, tunaomba bomba la maji kutoka chemchemi ya juu. Maji ya kijito yanaua watoto wetu." Ukiongeza neno napiga kigoda. "Inatosha! Rudia!" Atieno naye, meno ya mbele yameng'oka yote, anasimama nyuma yako akikuiga, kofia hana, ameshika sufuria. Tulikuwa na raha, mume wangu, na tuliamini bomba litakuja.

Siku yenyewe sitaki kuikumbuka, na ndiyo inayonirudia. Asubuhi, ukungu bado mzito, uliwatuma akina mama wapande hadi chemchemi walete maji ya kumpa Inspekta. Nilikuambia, "Mpe ya kijito, ayaone." Ukanigeukia kwa hasira. "Wee mama, mgeni wangu nimnyweshe uchafu? Kwetu hata adui akiingia bomani anapewa maji safi." Kwetu Kisii ni hivyohivyo. Tukamtafutia hata kikombe kisicho na ufa.

Inspekta alishuka kwenye motokaa, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine. Ndipo ukasema. Na ulisema vizuri, Baba Atieno! Hakuna neno lililozidi. Hata meneja aliinua macho. Inspekta akatazama ndani ya kikombe, akauliza, "Maji haya ndiyo yanaua?"

"Hapana, Bwana. Hayo ni ya mgeni."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Kama mnaweza kuteka ya mgeni, basi tekeni na yenu."

Ulikuwa na jibu, najua. Chemchemi iko mbali, na mama akienda huko asubuhi hachumi chai, siku yake inapotea. Lakini ulikuwa umefundishwa kunyamaza, na hakuna aliyekufundisha wakati wa kuacha kunyamaza. Motokaa iliondoka wewe bado umeshika kofia.

Mvua zilipokuja kijito kilifurika mpaka vyooni, na Atieno wetu akashikwa. Ya siku zile sitayaandika. Nitaandika tu kwamba ulimfukia kwa mikono yako, ukakataa jembe. Kisha meneja akakufuta kazi, eti wewe ni mchochezi, ukaenda kukata miti Londiani, na baridi ya kule ikaingia kifuani. Nililetewa koti lako. Mimi waliniacha kwa sababu wachumaji walikuwa haba.

Nilikukasirikia, usifikiri sikukukasirikia. Nilikuwa nachuma huku nakugombeza: si nilikuambia? Si nilikuambia, wewe mtu wa heshima nyingi? Siku hizi hata hasira imeniisha, na naitamani, kwa sababu ilikuwa inanisaidia kuamka. Sasa naamka tu.

Basi safari hii wamenichagua mimi. Hakuna aliyetumwa chemchemi. Nilichota kijitoni, nikaweka kikombe mbele ya Inspekta, nikasema maneno yako yaleyale, halafu nikanyamaza. Huyu hakucheka. Alinusa kikombe, akakunja uso, akatoa kalamu. Nikakuita kimoyomoyo, Baba Atieno.

"Nimekusikia, mama," akasema. "Niletee mtoto mmoja mgonjwa nimwone kwa macho yangu, ili nikiulizwa na wakubwa wangu niwe na la kusema."

Nikageuka nyuma. Nyapara wa meneja alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, anaangalia ni nani atasogea. Akina mama wakawavuta watoto wao ndani ya shuka. Siwalaumu, wanajua wewe uliishia wapi. Nilimsihi mmoja kwa macho, akainamisha kichwa.

Inspekta alingoja. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe mwenyewe, mama? Wako yuko wapi?"

Nilifungua mdomo nimtaje Atieno. Nilijaribu tena. Machozi yakatoka, maneno hayakutoka. Meneja akamnong'oneza kitu, na Inspekta akarudisha kalamu mfukoni, akaniambia pole, akaondoka. Kijito bado kinanywewa. Leo jioni nimesikia kitoto cha jirani kikilia kile kilio tunachokijua.

Pumzika, mume wangu. Kama mtoto yuko nawe huko, mshike vizuri, na usimwambie kwamba mama yake aliulizwa habari zake mbele ya serikali akashindwa hata kulitaja jina lake.

Ni mimi mkeo,
Mama Atieno