Vibao Nilivyokusomea, Baba

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa nimechoka na wewe. Najua barua kwa marehemu haianzi hivyo, na Mama akiiona atanikemea. Lakini ni mwezi sasa nazunguka mji huu wa Eldoret nikitafuta kibali cha kujifunza kuendesha lori, na kila nilipogonga mwamba nilikukuta wewe hapo.

Ule ushirika wa maziwa hapa Kapseret, ambao nimeuendeshea pikapu tangu ulipotuacha, umebaki na lori bila dereva. Mzee aliyekuwa akiliendesha amestaafu, amerudi kwao Sugoi. Mwenyekiti aliniita akasema kwamba nikiongeza daraja la lori kwenye leseni yangu kabla ya mvua ndefu, lori ni langu kuendesha. Nisipopata, watatafuta mtu mwingine. Nilitoka ofisini kwake nikicheka peke yangu.

Kicheko kiliishia kwenye sayba, kwenye kompyuta za kulipia. Mtandao wa serikali ulikataa picha yangu mara nne. Mara masikio hayaonekani, mara ukuta wa nyuma si mweupe. Ulipokubali picha, ukagoma wenyewe siku mbili nzima. Mwenye sayba akaniambia nirudi kesho, na kesho yake akaniambia nirudi kesho. Katika shule ya udereva, mama wa mapokezi aliniuliza kama nimekuja kumwandikisha mume wangu. Nikamwambia ni mimi. Akaandika gari dogo. Nikamwambia ni lori. Akaniangalia kutoka viatuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa, kisha akafuta. Halafu mwalimu akanipeleka kwenye ile meza iliyochorwa barabara, akanipa kigari cha plastiki kisichozidi kiberiti, nikisukume kwenye mzunguko kwa kidole. Mimi, mwanamke wa miaka thelathini na minane, niliyekulia ndani ya kabini ya lori.

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni macho.

Fomu inataka daktari akupime. Katika kliniki moja mjini, daktari, mwanamke mpole wa kutoka upande wa ziwa, aliniambia nifunike jicho moja nisome herufi za ukutani. Mistari miwili ya juu niliisoma. Wa tatu niliukisia. Wa nne sikujua hata kama ni herufi. Nikamwambia taa ya chumba chake ni hafifu. Hakubishana nami. Aliniwekea vioo machoni, na ule ukuta ukaja karibu.

"Hii mara nyingi huwa ya familia," alisema. "Nani kwenu anavaa miwani?"

Nilimjibu hakuna. Nikamwambia baba yangu aliendesha lori miaka ishirini na saba bila miwani. Kisha nikakuona.

Nilikuona umeshika usukani kwa mikono miwili, umeinama mbele, kidevu kinakaribia kioo. Mimi nina miaka kumi, shule zimefungwa, nimekaa kando yako juu ya gunia lililokunjwa ili nifikie dirisha. "Jebet, soma hiyo," unasema. Nasoma: mizani, kilomita mbili. "Na hiyo?" Nasoma: daraja jembamba. Uliniambia ni ili Kiingereza changu kinyooke, na kweli kilinyooka. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa, nami nikajivuna kwamba baba yangu hunifundisha hata akiwa kazini. Likizo baada ya likizo tulisoma vibao kutoka Eldoret hadi Nakuru. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hukunisahihisha hata siku moja.

Halafu ile siku ya Cheptiret. Mama mmoja alikuwa akivuka na mkokoteni wa punda uliojaa viazi, mchana kweupe, na wewe huna habari, unakwenda tu. Nilipiga kelele, "Baba, punda!" Lori liliposimama tulikuwa karibu naye hivi kwamba niliweza kuhesabu vifungo vya sweta yake. Ulishuka ukamwomba msamaha, ukarudi, ukakaa bila kuwasha injini.

"Mama yako tusimsumbue na hii," uliniambia.

Ukaninunulia mahindi ya kuchoma. Nikadhani ni zawadi ya ushujaa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuomba unifundishe lori. Ulisema hiyo si kazi ya msichana. Ukampeleka ndugu yangu mdogo Kiprop, ambaye hakutaka, na ambaye leo ana duka lake la kinyozi na ameridhika kabisa. Macho yangu yalikufaa, Baba. Mikono yangu ndiyo haikufaa.

Nilipotoka kwa daktari, karani wa mapokezi alinivuta kando. "Madam, hii si shida," alisema. "Wacha fomu hapa, jioni utaipata na muhuri. Watu wengi wanafanya hivyo." Ndipo nikaelewa vile leseni yako ilivyokuwa ikirudi nyumbani safi kila mara. Nakiri nilisita. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na mwenyekiti alikuwa amenipigia simu asubuhi hiyo hiyo. Kisha nikamkumbuka yule mama wa viazi. Nilichukua fomu yangu, nikarudi ndani kuagiza miwani. Ilichukua siku nane kufika.

Nilimwendea Mama nikamweleza yote, hata habari ya punda, nikitarajia ashike kichwa. Aliendelea kuchambua mboga zake za managu.

"Nilijua," alisema. "Unafikiri ni nani alikuwa anakutuma naye? Miwani alikataa. Alisema wenye lori wakiiona watamfuta kazi. Na nyinyi mlikuwa watano shuleni. Nikaona heri wewe ukae hapo mbele."

Kwa hivyo mlijua wote wawili. Mlimweka mtoto wa miaka kumi alinde lori la tani kumi, na hakuna aliyemwambia kwamba yuko kazini. Sijui nikasirike kwa niaba yangu, au ya yule mama wa mkokoteni, au yako wewe uliyeendesha miaka yote hiyo ukiogopa kila kona. Nimejaribu yote matatu. Kila mara naishia pale pale: miwani, Baba. Miwani tu.

Kibali kilitoka Jumanne. Chini ya jina langu kuna sharti kwamba dereva avae miwani. Mvua nayo ilitangulia kwa siku mbili. Mwenyekiti amesema atanisubiri hadi mwisho wa mwezi, kwa sauti ya mtu anayejuta kabla hajakata simu.

Jana nilipanda lori kwa mara ya kwanza upande wa usukani, mwalimu pembeni, uwanja wote ni matope. Lilinizimikia mara tatu. Mwalimu akafunga macho kama mtu anayesali. Mara ya nne likaondoka, zito, polepole, likinitii. Papo hapo nikatamani kumwambia mtu, na mtu niliyetaka kumwambia ni wewe, jambo lililonikasirisha upya.

Lala salama, Baba. Nitakusamehe, najijua. Lakini si leo.

Binti yako wa kwanza,
Jebet