Daftari la Baba Limekwenda Msikitini

Al Hail, Maskati
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Zaina,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, mama naye uvimbe wa miguu uwe umempungua, na hiyo shule uliyokabidhiwa isiwe imekunyima usingizi kabisa. Mimi mwili hauna neno. Nakula, joto nimelizoea, na Bibi Shamsa, mzaliwa wa pwani yetu ninayemtunza hapa, ananiita mwanawe hata mbele ya wageni. Moyo ndio usio mzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kukudanganya tena.

Nasema tena kwa sababu nimekudanganya wiki tatu. Uliponitumia ule ujumbe wa sauti kwamba umekuwa mwalimu mkuu, na kwamba unaliomba daftari la baba, hata nilipige picha ukurasa mmoja mmoja, nilikujibu kuwa kamera ya simu yangu imeingia ukungu. Halafu nikasema kazi za Ramadhani zimenibana. Halafu nikanyamaza. Zaina, kamera haina tatizo lolote. Daftari ndilo halipo.

Nilikuja nalo huku kwenye begi la mkononi, nimelifunga kwa kanga ya mama. Unalikumbuka lilivyokuwa, kaunta buku nene la jalada jeusi ambalo baba alilijaza miaka yote ya ukuu wake wa shule. Humo kulikuwa na namna ya kufundisha kusoma darasa la watoto mia, na namna ya kuongoza walimu wasiosalimiana. Juu ya kila ukurasa aliandika bismillahi kwa herufi za Kiarabu, kwa wino mwekundu. Tulikuwa tukimtania kwamba ni mwalimu pekee wilayani asiyesahihisha kwa kalamu nyekundu, naye akijibu kwamba nyekundu ni ya jina la Mungu, makosa ya mtoto yanatoshwa na bluu.

Chumba changu hapa kimepakana ukuta na chumba cha kufulia, na ule mvuke uliachisha gundi. Mwaka huu kurasa zikaanza kutoka moja moja. Nikatafuta mahali pakavu. Sebule ya juu kuna kabati la kioo la misahafu, na chini yake rafu moja yenye juzuu kuukuu zilizochanika. Nikaona nyumba nzima hakuna mahali panapoheshimiwa kama pale, nikaliweka. Sikumwomba mtu ruhusa wala sikumwambia mtu. Unanijua, kuomba ni kitu kinachonikaa kooni.

Sikujua rafu ile ni ya nini, kwani huigusa Bibi mwenyewe tu. Kwetu juzuu ikichanika tunaishona kwa uzi, maisha yanaendelea. Hapa, kila mwezi wa Shaabani, Bibi Shamsa hukusanya karatasi zote zilizochakaa zenye jina la Mungu, zikapelekwa kwenye sanduku la msikitini, na kutoka hapo huchomwa, majivu yakafukiwa pasipokanyagwa. Ndiyo adabu ya nyumba hii, na siwezi kuilaumu. Bibi macho yake hayasomi tena herufi ndogo, na yeye aliona wino mwekundu tu.

Siku niliyoikuta rafu tupu nilimwuliza. Alikuwa anavuta tasbihi yake, wala hakuinua uso.

"Nshayatoa, mwanangu. Thuraya kayapeleka juzi. Na lile buku bovu la bismillahi nyekundu nalo lishachoka, maskini. Nkasema hili si la kutupwa."

"Lilikuwa la baba yangu, Bibi."

Tasbihi ikasimama. "La babako? Na mbona hukunambia? Mie nna macho ya kusomea tena mie?" Akaanza kulia, mwanamke wa umri ule, na mimi niliyetakiwa kulia nikawa namfuta yeye machozi.

Thuraya ni bintiye, mudira wa shule ya wasichana kule Ghubra, yaani mwalimu mkuu kama wewe. Alichukua funguo za gari palepale. Tulipofika msikitini sanduku lilikuwa tupu. Mhudumu akatuambia gari la kukusanya lilipita jana yake. Nilisimama pale nimeingiza mkono ndani ya sanduku hadi begani, nikipapasa pembe zake, mpaka Thuraya akanishika kiuno akanirudisha garini.

Njiani aliniuliza kuna nini ndani ya hilo buku. Nikamweleza. Baba akienda kumwangalia mwalimu darasani hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye dawati na watoto, magoti yamegusa kidevu, ili aone ubao kama wanavyouona wao. Kosa la mwalimu alilisema faraghani, sifa yake akaisema asubuhi mstarini, shule nzima ikisikia. Tulipokaribia nyumbani Thuraya akapunguza mwendo.

"Mwanaidi, we mwalimu?"

"Nilikuwa."

Miaka minne namnyooshea abaya za siku zake za semina, na hilo alikuwa hajalijua. Sikumlaumu, sikuwahi kumwambia. Jioni ile alinifungulia tableti yake akanionyesha wanavyofundishwa wakuu wa shule huku. Kuna video za masomo, miongozo, na fomu za kumwangalia mwalimu zenye visanduku vya kutia alama. "Sie tuna yote haya," alisema, "na walimu wangu hawafungui hata moja. Babako angalikuwepo ningalimwita aje akae kwenye dawati." Kisha akanipa siku mbili nisiguse jiko, nikae niandike kila ninachokikumbuka kabla hakijanitoka.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii, anayokuletea Mama Shufaa, jirani yetu wa hapa anayerudi Tanga likizo, utakuta kurasa kumi na moja. Daftari la baba lilikuwa halishikiki kwa mkono mmoja, na mimi nimeokoa kumi na moja. Kuna ile ya kuwapanga watoto wanaojua kusoma pembeni ya wasiojua bila kuwaita wajinga. Kuna ile ya walimu kukaa wawili wawili kila Ijumaa na maandalio ya masomo yao, kila mmoja akimfundisha mwenzake somo la Jumatatu kwanza. Uliniambia walimu wako wananakili maandalio ya mwaka jana na kubadilisha tarehe tu. Anza na hiyo. Ila baba alikuwa na maneno yake ya kumwambia mwalimu mkongwe asiyetaka kubadilika, na hayo nimeyatafuta kichwani siku zote mbili sijayapata. Najua yalikuwa upande wa kushoto wa ukurasa. Najua kulikuwa na doa la chai. Maneno hayaji.

Msalimie mama, umwambie kanga yake ninayo. Msalimie mjomba aliyetusimamia msiba, na shangazi wa Korogwe, na shemeji yangu mumeo, na binti yako, mpwa wangu, ambaye sasa atakuwa anasoma mwenyewe. Mama usimwambie habari ya daftari mpaka nije nimwambie kwa mdomo wangu.

Kuna ukurasa mmoja sikuutia katika hizo kumi na moja. Huu naukumbuka neno kwa neno, na nimeubakiza hapa mwisho kwa kuwa nimeogopa kuufikia.

Mwaka ule ulipokuja kufanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwa baba, ulifundisha darasa la pili hesabu za kutoa kwa kuchukua. Baba akakaa dawatini, akaandika, akatoka bila kukuambia lolote. Jioni ulilia jikoni ukasema baba hakuoni kuwa u mwalimu. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua. Kumbe alikuwa na haya ya kumsifu mwanawe mstarini mbele ya walimu wengine. Kisha akaugua, na maneno yakabaki kwenye daftari. Nilikuja kuyasoma wiki moja baada ya kumzika.

Ameandika hivi: "Zaina amekosea hesabu ubaoni. Mtoto mmoja amemsahihisha. Amemwita, amempa chaki, ameketi mahali pa mtoto yule akasikiliza. Darasa limecheka naye amecheka, na somo limeeleweka. Mwanaidi angemfokea. Huyu siku moja akabidhiwe shule."

Jina langu lilikuwa humo, Zaina, na lilikuwa kweli. Wakati huo nilikuwa najitolea kufundisha nikingoja ajira, na majina yalipotoka la kwako lilikuwemo, la kwangu halikuwemo. Ulipokuja kuniomba daftari kabla sijasafiri, nilikuambia bado hujakomaa. Sikuwa nalinda kitu cha baba. Nilikuwa naficha ukurasa mmoja, na kwa ajili ya huo mmoja nikavuka bahari na kurasa nyingine zote.

Sasa umekabidhiwa shule kama alivyoandika, na sina karatasi ya kukuonyesha. Una neno langu tu, na wiki tatu hizi umeona neno langu lilivyo. Mengine yote niliyowahi kukuambia yatilie shaka, haki unayo. Hili moja nakuomba uliamini.

Ni mimi dada yako,
Mwanaidi