Wa Tatu Kutoka Kushoto

Bi Lorraine mpendwa,

Naandika nikiwa kwenye kiti cha dirishani, kwa sababu kitandani mkono hautulii, na naomba unisaidie kabla majani hayajaanza kupukutika, maana daktari wa moyo ameniambia kwa upole kwamba nisipange mambo ya baada ya hapo. Nina miaka themanini na sita. Nilifundisha Kilatini na historia katika shule ya sekondari ya mji huu kwa miaka thelathini na minne, na kila majira ya joto nilikuwa mwamuzi wa mashindano ya vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta, enzi zile kila parokia na kila ukumbi wa maveterani hapa Massachusetts ulikuwa na kikosi chake, na watoto wa viwandani walifanya mazoezi barabarani hadi majirani wakajua nyimbo zote.

Wasomaji wako vijana hawajui jinsi tulivyohukumu. Kikosi kiliingia uwanjani kikiwa na alama mia kamili, na kazi yetu ilikuwa kupunguza tu. Mimi nilipewa ngoma. Nilitembea ubavuni mwa wapigaji, wakati mwingine nikipiga goti mbele yao, na nikisikia kijiti kimoja kimegonga nje ya vingine niliweka tiki kwenye karatasi na kuandika ni nani, na kila tiki ilikata sehemu moja ya kumi ya alama. Hatukuhukumu uzuri. Tulihesabu makosa.

Sasa nisikilize, Bi Lorraine, maana hili sijamwambia hata marehemu mke wangu. Mwaka 1969, nilipokuwa na miaka thelathini na mmoja, sikio langu la kushoto lilikuwa limekwisha kufa kwa sababu ya ngoma nilizopiga tangu utotoni, na la kulia lilianza kulifuata, nami sikumwambia mtu, kwa kuwa uamuzi ule ndio uliokuwa heshima yangu na nilijua ningevuliwa siku hiyohiyo, nikajifunza kusikia kwa macho, yaani kutazama vijiti vinavyonyanyuka, kwa sababu kijiti kinachopanda juu kuliko vingine mara nyingi hushuka kikiwa kimechelewa. Mara nyingi. Si kila mara.

Katika fainali ya jimbo mwezi Agosti, kikosi cha Mtakatifu Zita kilipita upande wangu wa kushoto, upande uliokufa, na nikaona kijiti cha mvulana wa tatu kutoka kushoto kikipanda inchi nne juu ya vya wenzake, nikaweka tiki. Jioni ile Mtakatifu Zita walishindwa kwa sehemu moja ya kumi. Tiki ile moja.

Desturi ilikuwa baada ya matokeo walimu wa vikosi waje kutuhoji, na mwalimu wao, mtu mnene mwenye jasho, alikuja na karatasi yangu mkononi akaniuliza, "Huyu mtoto ameteguka kifundo cha mkono, ana bandeji chini ya koti, ananyanyua mkono mzima kwa kuwa kifundo hakipindi, lakini tangu Jumatatu hajakosa hata pigo moja, wewe ulimsikia akikosa?" Nikasema, "Nilimsikia." Akaniuliza tena, "Kwa masikio yako?" Nikasema, "Kwa masikio yangu." Mvulana alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, miaka kumi na sita, na alinitazama bila hasira hata kidogo. Aliniamini. Hilo ndilo linalonila.

Anaitwa Raymond Gaudette. Kabla ya mwezi kwisha mji mzima ulikuwa unamwita Tiki, na mpaka leo, akiwa na miaka sabini na mmoja na duka lake la vifaa vya ujenzi, ndilo jina lake. Hakushika tena vijiti. Na mimi, Bi Lorraine, tangu nilipoanza kuvaa vifaa vya kusaidia kusikia nikiwa mzee, betri zake nazinunua kwake.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda. Akanambia, "Betri tena, Mwalimu? Unazila?"

"Nazila na kahawa."

Mteja mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Tiki! Misumari ya inchi mbili umeificha wapi?"

"Palepale pa jana! Hilo kosa lako la pili wiki hii, nakuandikia!" Akacheka, kisha akaniegemea juu ya meza. Mjukuu wake Noelle anapiga ngoma katika kikosi kikubwa kinachozunguka nchi nzima kwa mabasi, na mwaka huu ametimiza miaka ishirini na mmoja, ambao ndio mwisho wa umri unaoruhusiwa, na onyesho lake la mwisho ni Jumamosi ya pili ya Agosti. "Anataka niende," akasema. "Nikaone nini, Mwalimu? Spika kama majokofu, msichana anaimba kwenye maiki, wapiga ngoma wanagaagaa chini kama wana kifafa. Na hakuna anayehesabu makosa! Siku zetu ukikosea unaambiwa umekosea, wewe, kwa nafasi yako. Mimi niliambiwa. Iliuma, lakini ilikuwa haki. Si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Maneno yale yote aliyatoa kwangu. Ni mimi niliyeandika magazetini walipofuta tiki miaka arobaini iliyopita, nikisema kwamba wameua ukweli, kwamba kikosi bila hesabu ya makosa ni sarakasi, na kila walipoongeza kitu, tarumbeta za aina mpya, mavazi ya michezo ya kuigiza, vipaza sauti, niliandika tena, na Raymond alizikata barua zangu akazibandika nyuma ya meza yake ya duka. Zipo mpaka leo.

Mwanangu nilimgusia tu kidogo, akasema, "Baba, mwache mzee wa watu na amani yake. Unataka kumpa nini sasa, nusu karne aliyopoteza?" Na huenda anasema kweli, maana nikimwambia Raymond ile tiki haikuwa ya haki, nitamvunjia kitu pekee alichokijenga juu ya aibu yake, na nikinyamaza, nitazikwa, na wale wazee wa vikosi watakuja na ngoma zao na yeye atakuwa miongoni mwao akinisifu kwamba nilikuwa mtu wa haki. Nifanye nini?

Mwenye sikio bovu

*

Mwalimu,

Nimekuwa nikijibu barua kwenye ukurasa huu kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kusoma hata moja mara nne. Pole kwa moyo wako. Pole pia kwa ile miaka ya kutembea uwanjani ukiwa na hofu kwamba mtu atakuita kutoka kushoto usigeuke. Pole zimekwisha, sasa tuongee.

Mwanao anakuuliza utampa Raymond nini. Mwambie: jina lake. Unasema amejenga maisha juu ya tiki ile. Ndiyo, kama mtu anavyojenga nyumba kwenye kiwanja alichopewa kwa kuwa hakuna aliyemwambia kipo kingine. Hukumhurumia aliponyanyua mkono wenye bandeji, usianze leo kumhurumia kwa kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha sikio mpaka mtu mwingine akaumbuka badala yako.

Na hizo barua zako za kulilia siku za zamani nazikumbuka, kwa kuwa mimi ni mmoja wa watoto wa viwandani unaowasema. Nilibeba bendera kikosi cha ukumbi wa maveterani, majira matatu ya joto. Nilitaka ngoma. Nikaambiwa ngoma ni za wavulana. Kwa hiyo unaponiambia zamani kulikuwa na haki, Mwalimu, nakusikiliza kwa adabu, lakini siitikii. Yule Noelle anayegaagaa chini ana ngoma kiunoni. Nami naililia zamani, naulilia mtaa wetu jioni tarumbeta zikijaribiwa na mama zetu wakiwa madirishani, lakini ukweli unaodai waliuua, wewe uliuua kwanza, Agosti 1969, na umetumia miaka hamsini kuwasingizia wengine.

Jambo jingine. Umebadilisha jina lako, la Raymond hukulibadilisha. Mtu aliyefundisha Kilatini hasahau mambo hayo. Ulitaka asome gazetini, aelewe, na wewe uwe umekwisha kuzikwa. Sikubali. Barua hii imekaa mezani kwangu, na nakutumia jibu hili kwa posta. Haitachapwa mpaka Raymond mwenyewe anipigie simu na kuniambia ichapwe, kwa jina lake au bila.

Sasa sikia. Nenda dukani asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Usinunue kitu. Usianze na habari za daktari, maana mtu akiambiwa unakufa hana nafasi ya kukukasirikia, na hiyo nafasi ni yake. Mwambie kwa maneno machache: sikukusikia, nilikutazama tu, ulipiga sawa. Mwambie pia kwamba alipokuuliza juzi kama ilikuwa haki ulimdanganya mara ya pili. Kisha nyamaza. Akikufukuza, ondoka. Akikuuliza maswali, jibu kila moja. Usimwombe msamaha siku hiyo. Ukiomba utakuwa umemwachia kazi ya kukufariji.

Ile Jumamosi ya Agosti, muulize kama anataka kwenda kumwona mjukuu wake. Kama anataka kwenda nawe, nenda, hata kwa kiti cha magurudumu. Kama anataka kwenda bila wewe, ni vizuri vilevile.

Na kabla ya kuingia pale dukani weka betri mpya, masikio yote mawili. Ulimhukumu mtu huyu bila kumsikia. Atakachosema, chochote kile, kisikie.

Lorraine

Bwana Raymond Gaudette alipiga simu ofisini kwetu hapa gazetini Jumanne. Alisema tuichape yote, na jina lake. Alisema pia kwamba Jumamosi duka litafungwa.