Mimi Si Lori

Baba Pacha,

Wali uko kwenye sufuria, upashe tu. Watoto wavue sare kabla ya kula.

Sasa ya asubuhi. Nimepanda mizani, kilo mbili zimezidi, nawe ukatangaza mbele ya watoto: "Mzigo umeongezeka!" Wakacheka mpaka chai ikawapalia. Najua kazini unapima malori. Lakini lori haliingii mwezini, mume wangu. Niko kwenye siku zangu, mwili umeshika maji, wiki ijayo yatatoka yenyewe. Isome hiyo karatasi ya uzito wangu uliyoibandika mwenyewe kwenye friji: kila mwezi unapanda tarehe zilezile, kisha unashuka. Tangu nianze kujipima nimepungua kilo nne. Mpimaji mzima, miaka kumi na tano kazini, hukuona!

~~Usinibakizie chakula.~~ Nibakizie. Tena usipunje.

Halafu, kwenye karatasi nimekuchorea safu yako. Kesho asubuhi unapanda wewe, mbele ya watoto walewale. Hicho kitambi sijui utakisingizia nini, maana wewe mwezini huingii.

Mzigo wako,
Mama Pacha