Kumfundisha Mgeni Kuchomelea

Jumatatu, 2 Juni 2025

Roboti imefika. Saa nne asubuhi, ndani ya sanduku la mbao kubwa kama kabati la bibi harusi. Geti halikutosha! Tumebomoa nguzo moja ya ukuta — ukuta alioujenga Baba kwa mikono yake mwaka nilioanza darasa la kwanza. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni pa stoo, akatugeuzia mgongo, akanoa patasi ambayo haikuwa na shida yoyote.

Madereva waliokwama kwenye foleni ya mpakani walishuka kuja kutazama. Mmoja akauliza lori letu, ile Fuso, iko wapi, mbona haionekani siku hizi. Ndiyo hiyo, kaka. Imeuzwa, imerudi ikiwa na mkono mmoja.

Nimeeleza mara ishirini leo: ni mkono wa chuma, unachomelea wenyewe, hauombi chai. Watu wote nawaambia tumeununua kwa ajili ya oda ya Bwana Nathanaeli wa Mkwajuni — fremu arobaini za karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, mwisho wa Julai. Ni kweli, ila si kweli yote. Humu naweza kuandika: nimeinunua kwa sababu ya macho ya mdogo wangu Edson.

Miguu inawaka moto. Basi.

Jumatano, 4 Juni

Clever amevuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, kuja kuifunga. Ni mtoto wa shangazi yetu, amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za migodini kule Kitwe. Kila kitu kwake ni "eya mukwai", ndiyo ya heshima, hata pale anapokusudia kukataa. Ametaka zege jipya, umeme usiocheza, na sakafu isiyo na vumbi. Tunduma, mwezi wa sita, sakafu isiyo na vumbi! Nimecheka peke yangu.

Mafundi wameshaipa jina: Mgeni. Asubuhi wanaulizana Mgeni ameamkaje.

Edson hajaigusa. Mdogo wangu, miaka arobaini na nne, na kutoka Mlowo hadi mpakani hakuna fundi wa kuchomelea anayemfikia. Siyo kwa kuwa ni ndugu yangu. Mchana alinifuata ofisini akauliza polepole, "Dada, huyu mmemletea nani? Mimi si bado nipo?" Nikasema ni kwa ajili ya oda. Akanitazama. Au alitazama upande wangu tu — siku hizi sijui.

Brenda, mkewe, ndiye aliyenieleza, mwezi wa nne. Presha ya macho. Daktari wa Mbeya amesema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki akiokoe kwa kuacha moto. Edson amemwapisha Brenda asimwambie Baba. Namwelewa. Baba mdogo Isaka alipoanza kutoona vizuri, Baba alimvua aproni mbele ya mafundi wote. Sheria yake ni hiyo, asiyeona hashiki moto, awe nani. Isaka akarudi kijijini Ihanda kulima kahawa, na hakukanyaga tena hapa, hata Krismasi. Walikuwa ndugu wawili walioanzisha karakana hii pamoja! Tulimzika huko huko Ihanda. Edson alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Kwa hiyo yeye ananyamaza, Brenda ananyamaza, mimi nanyamaza. Nimechoka kunyamaza kuliko nilivyochoka kazi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa lilijaa hadi nje. Zamu ya kusoma somo ilikuwa ya Edson, na somo lenyewe refu, lenye majina ya nchi yanayovunja ulimi. Hakukosea hata neno. Sauti ileile ya marehemu Mama.

Ila hakufunua ukurasa! Kitabu kile cha mimbarani nakijua, nimekisomea mara nyingi. Somo la leo linaanzia chini kabisa ya ukurasa, huwezi kulimaliza bila kufunua. Hakufunua. Amelikariri lote. Kumbe ndiyo maana sauti ya Brenda imekauka wiki nzima, alikuwa anamsomea.

Nikamtupia jicho Baba, benchi la mbele. Alikuwa anatazama sakafu. Tulipotoka alisema tu kwamba leo kijana amesoma vizuri, akashika njia ya nyumbani bila kusalimia watu.

Jumanne, 10 Juni

Jaribio la kwanza. Aibu!

Fremu ya kwanza Clever aliielekeza yeye, ikaenda. Ya pili tukaiacha kwa Mgeni mwenyewe. Akashuka kwa madaha, akawasha moto, akachomelea mstari mzuri ajabu, umenyooka — nusu kidole pembeni ya kiungio. Pasipo na kitu cha kuunga! Ya tatu hivyo hivyo, ila upande wa pili. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Baba alicheka kuliko wote. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Mama. Akasema Fuso yake sasa inachomelea upepo.

Edson hakucheka. Alikuja akapitisha kidole kwenye ule mstari, akakipitisha kwenye kiungio kilichoachwa wazi, akaondoka zake.

Nikamgeukia Clever kwa hasira zangu zote. Akatikisa kichwa, akakataa kwa lugha ya kwao. "Awe, Dada Fausta. Mashine haina kosa. Ni fremu zenu hazifanani."

Jumatano, 11 Juni

Nimezipima fremu zote kumi na mbili zilizoko uani. Kwa tepu. Hakuna mbili zinazolingana. Hata mbili!

Ni fimbo za kupimia. Baba haamini tepu. Anasema ile ndoano yake ya mwanzo inalegea. Mwaka ule ule wa ukuta alichukua chuma bapa, akakikata alama kwa msumeno, alama moja kwa kila kipande cha fremu. Hicho ndicho kipimo chetu mpaka leo. Fundi akifuzu anakata fimbo yake, Baba anamkabidhi mbele ya wenzake, tunapiga makofi, tunakunywa soda. Mimi hulia kila mara, sijui kwa nini.

Ila fundi hakati kutoka kwenye fimbo ya Baba. Anakata kutoka kwenye fimbo ya aliyemfundisha, naye alikata kutoka kwa aliyemfundisha yeye. Unene wa msumeno huku, unene wa msumeno kule. Leo nimezipanga nane mezani. Ya Baba na ya fundi Lusajo, ambaye ni wa mwisho kufuzu, zinapishana kidole kizima.

Na miaka yote hii mashine zetu zinatoka zimefunga sawasawa, hakuna mteja aliyelalamika. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Kila fremu mwisho wake ni kwa Edson.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Baba. Nilimwita ofisini, nikafunga mlango, nikamwekea fimbo mbili sambamba. Alipitisha ukucha kwenye tofauti. Akaongea Kinamwanga peke yake kidogo. Kisha akauliza zile zote tulizouza zilifungaje.

"Edson alikuwa anajaza, Baba. Anavuta hapa, anajaza pale, anasawazisha kwa grenda. Miaka ishirini."

Akauliza mbona hakusema.

"Angekwambia nini? Kwamba fimbo yako ina kasoro?"

Mdomo wangu huu! Mzee wa miaka sabini na sita. Alitoka bila kofia yake, na chakula cha mchana hakukigusa. Nimemfunikia, nimekikuta jioni kimeganda vilevile.

Ijumaa, 13 Juni

Umeme umekatika mara tatu. Mgeni amelala. Bwana Nathanaeli kapiga simu kuuliza fremu zimefika wapi. Nikasema zinaendelea. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ndefu. Niandike yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Clever anasema tunahitaji vitu viwili. Kwanza, fremu zote zikatwe kwa kipimo kimoja. Pili, fundi halisi amfundishe Mgeni. Unaushika ule mkono wa chuma, moto ukiwa umezimwa, unautembeza juu ya kiungio kama unavyotembeza mkono wako, nao unakariri: mwendo, kituo, jinsi unavyoyumba. Clever amejaribu kwa mkono wake. Mgeni akatoa kitu kama uji uliomwagika. Anamtaka Edson.

Edson kakataa mbele ya watu. Nikamfuata nyuma ya stoo.

"Nikishamfundisha, mimi nabaki wa nini, Dada?"

Hapo nikashindwa kuficha. Nikamwambia najua habari ya macho yake, najua tangu mwezi wa nne, na kwamba Mgeni hakununuliwa kumfukuza. Kanunuliwa ili mtu mwingine ale moto.

Akakaa juu ya tairi bovu la Fuso. Kisha akanieleza, taratibu, kama anaeleza habari ya mtu baki: anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Kiungio anakitafuta kwa kidole kabla ya kuvaa glovu. Moto anausikiliza. Ukiwa sawa unalia kama mafuta kikaangoni, ukikosea unakohoa. Anasema hajaharibu kazi hata moja. Ni kweli, hajaharibu.

Nikamwambia basi hii ndiyo kazi yake, moto umezimwa, anaongoza kwa mkono tu.

"Na namba?"

Namba! Sikuwa nimezifikiria. Kila hatua rimoti kubwa ya Mgeni inaonyesha namba kwenye kioo, na anayefundisha lazima azisome kabla ya kubonyeza. Herufi zenyewe ndogo, hata mimi nakunja uso. "Clever akisimama pale kunisomea kama mtoto wa chekechea," akasema, "Baba atajua kabla ya saa sita. Kesho yake nipo Ihanda."

Nilikaa naye juu ya tairi, nikalia. Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi! Mgonjwa anambembeleza mzima.

Jumatatu, 16 Juni

Baba amekusanya fimbo zote. Kapita kwa fundi mmoja mmoja, mkono wazi, bila kueleza. Lusajo alishika yake kidogo kabla ya kuitoa. Ya mwisho kabisa akatoa ya kwake. Amezifunga pamoja kwa mpira wa ndani wa tairi, kaziweka stoo, rafu ya juu.

Halafu kaja kuniomba tepu. Mimi! Nikampa. Akaivuta, akaiachia irudi, akaivuta tena. Amenuna nayo mchana kutwa, lakini kila kipande kilichokatwa leo kapima yeye.

Jumanne, 17 Juni

Fremu sita, zote zinalingana. Nimepima mara mbili. Bwana Nathanaeli anakuja Ijumaa kuona kwa macho yake, na asipoona kitu atapeleka oda Mbeya. Hajasema hivyo, ila ndivyo alivyokata simu.

Edson hajajibu. Nimechoka hata kumbembeleza. Nimechoka kuwa mtu anayejua.

Jumatano, 18 Juni

Naandika nikiwa ofisini, mchana kweupe. Nawaona kupitia dirisha.

Edson kaja saa tatu. Kavaa aproni, kasimama mbele ya Mgeni, kaweka kiganja juu ya ule mkono wa chuma. Clever akachukua ile rimoti kubwa asimame pembeni yake. Nikasema moyoni, haya, siku ndiyo imefika. Maana Baba alikuwa ameshainuka kwenye kigoda.

Alitembea taratibu mpaka pale. Akamwambia Clever aende akatazame jenereta.

"Jenereta ni nzima, Mjomba."

"Nenda kaitazame."

Clever kaenda. Baba kachukua rimoti. Katoa miwani mfukoni, kaivaa, kaivuta mpaka ncha ya pua. Nilisimama. Nilidhani atamwambia Edson asome. Niliushika mlango kabisa, tayari kukimbia nikaseme lolote, hata uongo.

Akaanza kusoma yeye. Kwa sauti, tarakimu moja moja, kama anavyotangaza nyimbo kanisani. Hakuna aliyemwomba! Mimi sijamwambia habari ya macho. Brenda hapa pembeni yangu anaapa hajamwambia.

Edson akavua glovu ya kulia, akatafuta kiungio kwa kidole mbele ya mafundi wote, akausogeza mkono. Akabonyeza. Baba akasoma namba. Akasogeza, akabonyeza. Baba akasoma. Grenda zote zimezimwa. Lusajo kasimama na kipande cha chuma mkononi, kasahau kukiweka chini. Wamefika kiungio cha tatu, zamu ya kona, pale pagumu.

Sasa hivi Baba kasema, "Haya, sogea taratibu, Isaka."

Kasema Isaka, jina la marehemu nduguye. Brenda naye kasikia, kanishika mkono, ndiyo maana mwandiko huu umepinda.

Baba kavua miwani. Anaifuta kwa shati. Anaifuta tena. Kioo kinawaka na namba zake na hakuna anayezisoma. Edson hajageuka. Kidole chake kiko juu ya kitufe, kichwa kakiinamisha upande, anasikiliza.

"Namba, Baba," anasema. "Nisomee namba."