Tufaha Ndani ya Mfuko

Anselmo,

Maharagwe yako jikoni, yapashe moto. Kahawa iko kwenye chupa. Asubuhi umetoka hujanywa, na kisa ni mdomo wangu.

Nilipokukuta unaufunika mmea wa bromelia wa mlangoni kwa mfuko wa nailoni, na tufaha lililoiva ndani, nilikuita muuaji. Ukasema eti hata ile bromelia ya marehemu mama yangu uliifunika hivyohivyo nilipokuwa kwa dada kule Vitória. Hapo ndipo nilipopandwa na wazimu.

Ulipoondoka nikaenda kuitia maji ile ya mama. Mume wangu, katikati ya majani ua jekundu linachomoza! Kumbe hewa ya tufaha lililoiva ndiyo inayoiamsha ichanue. Miaka yote tunabishana ni aina gani, na bila ua nani angejua? Nimekwenda kumwita Zulmira, yule anayejua maua, aje aitambue.

~~Ule mfuko wa mlangoni utoe.~~ Mfuko uache hapohapo.

Ikishachanua itakufa taratibu, ndivyo zilivyo. Usiikate. Ina vichipukizi viwili ubavuni, na kimoja ni chako. Mama alizoea kusema mkono wako hauoteshi hata magugu. Angekuwepo leo, angekukabidhi mwenyewe.

Asante.

Mkeo mwenye kelele,
Dirce